Wimbo ndani ya tangazo: kabla hujasema msanii amejiuza

Mwaka 1973 Franco na bendi yake ya TP OK Jazz walitoa wimbo uitwao "Azda". Jina hilo ni la kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen kule Zaire, na kiitikio kinarudiarudia herufi mbili za gari lenyewe, V na W. Ni tangazo la biashara kuanzia gitaa la kwanza hadi la mwisho. Umechezwa kwenye kumbi za Kinshasa, Dar es Salaam na Nairobi, na wengi wanaoupenda mpaka leo hawajui kwamba wanalicheza tangazo la gari. Sifa ya Franco haikupungua hata chembe kwa sababu yake.

Siku hizi msanii akisikika sekunde 30 kwenye tangazo la mtandao wa simu, maoni yanafurika: njaa imemshinda, amejiuza, ameshakuwa chawa wa kampuni. Upande wa pili unajibu kwamba kazi ni kazi na watoto lazima wale. Pande zote mbili zinaruka swali linalopaswa kutangulia: ni yeye aliyekubali? Mara nyingi kuliko watu wanavyodhani jibu ni hapana, au ni kwamba hakuwa peke yake kwenye kukubali. Na mtu hasaliti kwa uamuzi ambao hakuufanya.

Mambo manne, lawama moja

Tuanze kwa kutenganisha. Wimbo wa kuagizwa, kama ule wa Franco, ni kazi ya ufundi: kampuni inataka wimbo, mtunzi anatunga, analipwa. Ubalozi ni kitu kingine. Hapo msanii anakodisha sura, jina na hata mwenendo wake kwa mwaka mmoja au miwili. Anapigwa picha ameshika chupa, anadaiwa idadi fulani ya posti kila mwezi, na akiingia kwenye kashfa mkataba unavunjwa. Udhamini wa tamasha ni wa tatu: kampuni inalipia jukwaa, vyombo na usafiri, nembo yake inatundikwa nyuma ya wanamuziki. La nne ndilo tunalolifumbua hapa, yaani leseni ya wimbo uliokwisha kutoka na kupendwa, ili utumike ndani ya tangazo.

Hili la nne ndilo linalouma watu zaidi, na si ajabu. Wimbo wa kuagizwa haukuwahi kuwa wa msikilizaji. Lakini wimbo ulioingia nao ukumbini siku ya harusi, au uliokuwa ukipigwa kwenye daladala mwaka ule uliohamia mjini, tayari una maisha yake kwako. Ukiusikia unauza sabuni unahisi kuna mtu ameingia chumbani bila kubisha hodi.

Leseni ni ruhusa yenye mipaka. Mwenye wimbo anabaki nao, na kampuni inapata kuutumia kwa kazi iliyotajwa, mahali palipotajwa, kwa muda uliotajwa. Kuuza hakimiliki yenyewe ni jambo jingine kabisa, maana ukishauza huulizwi tena. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, na haki zake zikaenda kwa kampuni ya kurekodi kwa malipo ya shilingi kumi. Melodi yake ikazunguka dunia kwa majina mengine na mwaka 1994 ikasikika ndani ya filamu ya Disney. Linda mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1962, akiwa fukara. Familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006, tena baada ya kufungua kesi. Wimbo kama huo ukisikika kwenye tangazo, kumlaumu mwimbaji ni kumpiga teke aliyekwisha kuanguka.

Wimbo mmoja una wenyewe wawili

Ugumu wa mada hii yote unaanzia hapa, na ukishapaelewa mengine yanafuata kirahisi. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazokaa pamoja bila kuchanganyika. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani melodi na maneno. Ya pili ni ya rekodi, yaani sauti zile zenyewe zilizoingia studio siku ile, ambazo kwenye biashara huitwa masta. Utunzi ni kanuni ya kupika pilau; rekodi ni sinia moja la pilau lililopikwa na mpishi fulani kwa mikono yake. Watu kumi wanaweza kupika kwa kanuni ileile na kupata masinia kumi tofauti, kila moja na mwenyewe.

Utunzi kwa kawaida ni wa mtunzi au watunzi, au wa kampuni ya usimamizi wa tungo waliyoipa kazi hiyo. Rekodi kwa kawaida ni ya aliyelipia studio, ambaye mara nyingi ni lebo, yaani kampuni ya kurekodi. Kampuni ikitaka kuweka wimbo uleule unaoujua ndani ya tangazo lake, inahitaji ruhusa za pande zote mbili: moja ya kuunganisha utunzi na picha, nyingine ya kutumia masta. Mmoja akikataa, rekodi ile haitumiki.

Sasa angalia nani hayumo kwenye orodha hiyo. Mwimbaji ambaye hakutunga na hamiliki masta hana lazima ya kuulizwa, isipokuwa mkataba wake na lebo ulimwekea haki ya kuidhinisha. Sauti ni yake, uso unaokujia akilini ni wake, matusi yote mtandaoni yanamwendea yeye, na huenda alilisikia tangazo siku moja na wewe.

Kisa kilichofundisha dunia somo hili ni cha mwaka 1987. Nike waliweka rekodi ya "Revolution" ya The Beatles kwenye tangazo la viatu. Kisheria walikuwa wamepita milango miwili inayotakiwa. Masta waliyapata kwa kampuni ya kurekodi, na ruhusa ya utunzi ikatoka kwa aliyemiliki tungo, ambaye wakati huo alikuwa Michael Jackson, aliyenunua katalogi ile, yaani mkusanyiko wa tungo hizo, mwaka 1985 kwa dola milioni 47.5. Wanamuziki wenyewe hawakutaka. Kampuni yao ikafungua kesi mwaka huohuo, na shauri likamalizwa nje ya mahakama mwaka 1989. Mashabiki waliokuwa wamekwisha kulia kwamba Beatles wamejiuza walikuwa wakiwalaumu watu waliokuwa mahakamani kulipinga tangazo hilo.

Mlango wa nyuma

Wakala wa matangazo akikataliwa masta bado ana njia. Anaweza kuomba ruhusa ya utunzi peke yake, kisha akarekodi upya kwa sauti nyingine. Hilo ni halali, na ndiyo maana unasikia nyimbo za zamani za dansi zikiimbwa upya na vijana usiowajua kwenye matangazo ya unga na mafuta ya kupikia. Kosa huanza pale anapotafuta mtu wa kuiga sauti ya mwenyewe.

Mwimbaji wa Marekani Bette Midler alikataa kuimba kwenye tangazo la magari ya Ford. Wakala akamchukua mwimbaji aliyekuwa akimwitikia Midler jukwaani, akamwambia aimbe kama yeye awezavyo. Haki ya utunzi walikuwa wameilipia. Mwaka 1988 mahakama ya rufani ya Marekani ikasema kwamba sauti inayojulikana ni sehemu ya mtu, na kuiiga makusudi ili kuuza bidhaa ni kumwibia. Midler akalipwa dola 400,000. Mwimbaji mwenzake Tom Waits, ambaye msimamo wake wa kutofanya matangazo unajulikana, aliigwa vivyo hivyo kwenye tangazo la chipsi za Doritos. Baraza la wazee wa mahakama likampa fidia ya takribani dola milioni 2.5 mwaka 1990, na mwaka 1992 sehemu kubwa ya hukumu hiyo ikathibitishwa.

Kesi hizo ni za California na hazifungi mahakama za Dodoma wala Nairobi. Nazitaja kwa sababu programu za kuiga sauti sasa zinafanya kwa dakika chache kazi iliyohitaji mwimbaji wa pembeni na studio. Msanii anayesaini mkataba leo aandikishe wazi kwamba sauti yake haitaigwa kwa mtu wala kwa mashine bila ruhusa yake ya maandishi.

Fedha zinakwenda wapi

Watu husikia "ada ya milioni 40" wakaona gari jipya. Tuifuate fedha hiyo kwa mfano wa kubuni, lakini wenye mgawo wa aina inayopatikana kwenye mikataba.

Kampuni inalipa shilingi milioni 40 kwa miezi 12. Desturi ya biashara hii ni utunzi na rekodi kulipwa sawa, na mikataba mingi ina kifungu kinachosema upande mmoja ukipandishiwa, wa pili nao unapanda. Kwa hiyo milioni 20 zinakwenda utunzi na milioni 20 rekodi. Kwenye utunzi, mwimbaji aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ana asilimia 50, prodyuza aliyetunga biti na sehemu ya melodi ana 30, msanii mshirikishwa aliyeandika ubeti wake ana 20. Hizo ni milioni 10, milioni 6 na milioni 4. Kwenye rekodi, masta ni ya lebo, na mkataba unampa mwimbaji asilimia 30, yaani milioni 6. Lebo inabaki na 14. Jumla ya mwimbaji ni milioni 16. Meneja anachukua asilimia 20 yake, yaani milioni 3.2. Zimebaki milioni 12.8, kabla ya kodi.

Bado kuna deni. Ikiwa lebo ilimtangulizia gharama za video na promosheni ambazo hazijarudi, zile milioni 6 za upande wa rekodi hazimfikii. Zinakatwa kwenye hesabu ya deni lake. Anabaki na milioni 10 za utunzi, meneja anakata mbili, anaondoka na nane. Na kama hakutunga, kama ni mwimbaji tu aliyeletewa wimbo tayari, anaondoka na sifuri huku mtaa mzima ukimkopa.

Hapo ndipo ugomvi na maprodyuza huzaliwa. Nyimbo nyingi za Bongo na za Nairobi zimetengenezwa kwa maneno ya mdomo: msanii alilipa biti, prodyuza akampa, hakuna aliyeandika nani ana asilimia ngapi. Wimbo ukiwa wa kupigwa redioni tu, hakuna anayejali. Siku wakala anapouliza nani wa kusaini, prodyuza anakumbuka kwamba kulipwa kwa kazi ya studio si sawa na kuuza utunzi wake. Wakala ana tarehe ya kurusha tangazo na hawezi kungoja kikao cha usuluhishi, kwa hiyo anachukua wimbo mwingine. Dawa yake ni karatasi moja inayosainiwa siku ya kurekodi, kabla wimbo haujawa na thamani ya kugombewa: majina halisi ya watunzi wote kama yalivyo kwenye vitambulisho, asilimia ya kila mmoja zikijumlishwa kuwa 100, nani anamiliki masta, na kama kuna kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa mtu mwingine. Kipande kama hicho kisicho na ruhusa kinaweza kupita miaka mitano bila mtu kusema kitu, lakini mwanasheria wa kampuni kubwa atakiuliza siku ya kwanza.

Ndani ya leseni

Bei haina maana bila mipaka, na hapa ndipo msanii asiye na mwanasheria huumia. Mambo ya kuangalia ni muda, eneo, vyombo, urefu, upekee na mabadiliko.

Muda wa kawaida ni miezi 3, 6 au 12, na bei ya kurefusha iandikwe palepale ili kampuni isije mwakani na bei ya chini ikidai wimbo umeshapoa. Eneo litajwe kwa nchi. Mtandaoni hakuna mpaka wa Namanga, kwa hiyo kifungu kinachofanya kazi ni kile kinachosema matangazo ya kulipia yataelekezwa kwa watazamaji wa nchi zilizotajwa tu. Vyombo vitengwe: televisheni, redio, mitandao ya kijamii, skrini za barabarani, sinema. Msanii akiona maneno "dunia nzima, daima, kwa chombo chochote kilichopo au kitakachogunduliwa", ajue hiyo imeitwa leseni lakini inakaribia kuwa mauzo, na bei yake iwe ya mauzo.

Upekee ndio unaong'ata kimyakimya. Kampuni ya simu hutaka wimbo usitumiwe na mshindani wake, na hilo ni haki yake. Lakini baadhi ya rasimu husema msanii mwenyewe asionekane kwenye shughuli ya mshindani yeyote. Afrika Mashariki, ambako matamasha makubwa mengi yanadhaminiwa na kampuni za simu na za bia, kifungu hicho kinaweza kumnyima shoo za msimu mzima. Aliyepokea milioni 12.8 akikosa shoo tatu za milioni 5 kila moja, amelipa ili wimbo wake utumike. Upekee ufungwe kwenye wimbo, usimguse mtu. Anayetaka mtu alipie ubalozi.

Kuhusu mabadiliko, tofautisha kukata na kugeuza. Kukata wimbo hadi sekunde 15, 30 au 60 hakuepukiki, na msanii aombe kusikiliza toleo la mwisho kabla halijarushwa. Kugeuza maneno, kwa mfano kutoa jina la mpenzi na kuingiza jina la sabuni, kunahitaji ruhusa ya peke yake na malipo ya peke yake. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zinamlinda mtunzi dhidi ya kuharibiwa kazi yake kwa namna inayomshushia heshima, na haki hiyo hubaki kwake hata akishauza haki za kiuchumi. Wengi hawajui kwamba wanayo.

Msanii anayekubali leseni anaweza pia kufunga milango fulani tangu mwanzo kwa kuorodhesha kile ambacho wimbo wake hautauza kamwe, iwe pombe, kamari, tumbaku au siasa. Lebo nyingi hazikatai kifungu hicho kikiombwa siku ya kusaini. Kikiombwa baada ya wimbo kuvuma, majadiliano huwa ya lugha nyingine.

Yanayosemwa ambayo si kweli

Eti sekunde chache hazihitaji ruhusa. Husikika kama saba, kumi na tano au thelathini, kutegemea anayesimulia. Hakuna idadi ya sekunde inayoruhusiwa bure kwenye tangazo. Sekunde tano za kiitikio ndizo zinazouza, na kampuni inazitaka kwa sababu hiyohiyo.

Eti tumelipia leseni ya muziki, basi tunaruhusiwa. Baa, hoteli na redio hulipa ada ya kupiga muziki hadharani kupitia vyama na mamlaka za mirabaha. Ada hiyo inaruhusu wimbo usikike ukumbini au hewani. Hairuhusu kuubandika kwenye video ya kuuza kitu au mtu. Mei 2022 kundi la Sauti Sol la Kenya lililalamika hadharani kwamba muungano wa kisiasa wa Azimio ulitumia wimbo wao "Extravaganza" kwenye video ya kampeni, wakati wa kumtambulisha mgombea mwenza, bila ruhusa yao. Muungano ukajibu kwamba kuupiga wimbo ule ilikuwa ni kuonyesha wanavyoipenda kazi ya vijana hao. Upendo haukuwa swali. Kupiga wimbo kwenye mkutano ni leseni moja, kuuweka kwenye video ni nyingine kabisa, na kwenye siasa hata mwenye leseni ya kwanza anamvika msanii sare ya chama ambayo hakuichagua. "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji ulipogeuka wimbo wa kampeni ya muungano wa NARC kule Kenya mwaka 2002, wimbo ule na uchaguzi ule havikuachana tena.

Eti wimbo upo kwenye maktaba ya TikTok, kwa hiyo ni halali kwa duka langu. Maktaba kubwa ya nyimbo maarufu ni ya watu binafsi kwa video za kawaida. Akaunti za biashara zina maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo, na nyimbo nyingi unazozijua hazimo. Fundi cherehani anayetumia akaunti binafsi kuuza vitenge kwa wimbo unaovuma hajavuka salama. Anachokitegemea ni kwamba hakuna aliyemwona bado. Kampuni kubwa ikifanya hivyo huonekana. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe wasanii Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila idhini, uamuzi uliofuatiwa na rufaa. Miito si matangazo, lakini kanuni ni ileile: wimbo ukileta biashara, ruhusa hutangulia.

Na je, amejiuza?

Wazo kwamba msanii wa kweli hagusi matangazo lilikulia kwenye muziki wa roki wa Marekani na Uingereza miaka ya 1960. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya Buick ilitaka wimbo wa bendi ya The Doors. Wanabendi walikubali mwimbaji wao Jim Morrison akiwa hayupo, aliporudi akawaka, na tangazo likafa. Miaka mingi baada ya kifo chake, mpiga ngoma wa bendi, John Densmore, alikataa ofa ya dola milioni 15 kutoka kampuni ya magari ya Cadillac. Kwa kuwa bendi ile ilikuwa imekubaliana kwamba kila mmoja ana kura ya kuzuia, neno lake lilitosha. Mwimbaji Neil Young alitoa wimbo wa kuwakejeli wanamuziki wa matangazo mwaka 1988. Televisheni ya muziki ya MTV wakaikataa video yake, halafu mwaka uliofuata wakaipa tuzo ya video bora ya mwaka.

Kisha hali ikabadilika. Mwanamuziki wa Marekani Moby alitoa albamu yake ya "Play" mwaka 1999, na nyimbo zake zote 18 zikapewa leseni za filamu, televisheni au matangazo. Redio hazikuwa zikimpiga, na watu wakamjua kwa njia hiyo. Mwaka huohuo tangazo la Volkswagen lilitumia wimbo wa Nick Drake, Mwingereza aliyefariki mwaka 1974 akiwa hajulikani, na mauzo ya albamu zake yakapaa. Mauzo ya CD yaliposhuka, lawama nazo zikapungua nguvu kule zilikozaliwa.

Huku kwetu wazo hilo halikuwahi kuwa na mizizi mirefu. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Polisi Jazz ya jeshi la polisi. Wanamuziki walilipwa mshahara na taasisi, wakaiimba taasisi, na Jumamosi ukumbi ukajaa. Muziki wa Kongo uliojaa majina ya watu waliolipia kutajwa tunaucheza bila kinyongo. Kwa hiyo anayesema msanii wa Kiafrika amesaliti asili kwa kuchukua fedha za kampuni anatumia kipimo cha ugenini.

Hiyo haimaanishi hakuna kujiuza. Naona kujiuza kunahitaji ahadi iliyovunjwa. Mwimbaji wa mapenzi anayekodisha wimbo wa mapenzi kwa tangazo la khanga hajamvunjia mtu chochote. Aliyejenga jina kwa kuimba jinsi kamari inavyomaliza vijana, kisha akaukodisha wimbo huohuo, umekatwa mstari wenye sumu, kwa kampuni ya kubeti, huyo amewauzia wasikilizaji wake imani waliyompa. Wa injili anayeonekana kwenye tangazo la pombe yuko karibu naye. Katikati kuna eneo pana la mambo ya kuudhi tu, na kuudhi si usaliti. Tangazo linalorushwa mara sita kila jioni kwa miezi mitatu litauchosha wimbo wowote, hata wa mtu mwaminifu kuliko wote. Hiyo ni hoja ya kudai kampeni fupi.

Kugeuza maneno ndipo ningechora mstari mnene. Wimbo uliokatwa bado ni ule wimbo. Wimbo ambao "mama" ametolewa akawekwa mtandao wa simu hauwezi kurudi nyumbani. Watoto wataukumbuka kwa maneno ya tangazo, na msanii akiuimba jukwaani ukumbi utaitikia jina la kampuni. Wapo waliolipwa vizuri kwa hilo, na wapo walioacha kuuimba.

Baada ya muda kwisha

Leseni ikifika ukingoni, televisheni na redio huacha kurusha kwa sababu kila kurusha kunalipiwa. Mtandaoni hakuna anayelipia tangazo la zamani kukaa, kwa hiyo linakaa. Hapo kampuni haijibu barua, wakala aliyelitengeneza amekwisha kupoteza mteja, na kurasa za mawakala wa mikoani bado zina nakala zao. Msanii aandikishe tarehe ya kuondoa, iwe siku 14 au 30 baada ya leseni kwisha, ada ya kila mwezi wa ziada, na wajibu wa kampuni kuondoa nakala kwenye kurasa zote inazozimiliki. Akisahau, kampuni shindani itakayoutaka wimbo huo mwaka 2030 itautafuta YouTube kwanza, itakuta unamtangaza mpinzani wake, na itapunguza bei au itatafuta wimbo mwingine.